Sura ya Nne: Kalamu ya Bibi Salme

Katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, watoto wa Seyyid Said bin Sultan walisomea Kurani mkekani, mbele ya mwalimu wa kike. Wavulana walifundishwa kusoma na kuandika. Wasichana waliishia kwenye kusoma. Kalamu walinyimwa, na sababu ilikuwa ile ile iliyosikika katika nyumba nyingi za pwani hadi miaka mingi baadaye: msichana akijua kuandika, atawaandikia wanaume barua.

Mmoja wao hakuridhika. Alichukua msahafu, akachukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa kuandikia watoto, akajificha na kunakili herufi moja moja, akifuata umbo la kila herufi mpaka mkono ukazoea. Siri ilipofichuka alisemwa sana. Hakuacha. Msichana huyo ni Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni tarehe 30 Agosti 1844, ambaye walimwengu wanamjua zaidi kwa jina la Emily Ruete.

Kisa chake husimuliwa kwa wageni wanaotembezwa katika vichochoro vya Mji Mkongwe, na karibu kila mara huanzia juu ya dari: binti wa Sultani huku, kijana wa Kijerumani kule, uchochoro mwembamba katikati, mapenzi, mimba, usiku, meli. Yote hayo yalitokea. Lakini naamini kwamba anayeanzia darini amechelewa. Kabla Salme hajampenda mtu aliyekatazwa, ndugu zake mwenyewe walikuwa wamekwisha kumfunza kuficha mambo, kutembea usiku na kuwahadaa walinzi. Mapenzi yaliikuta njia imekwisha kufyekwa.

Baba yake alitawala Oman na Unguja kwa pamoja, na ndiye aliyehamishia makao yake Unguja na kuijaza mikarafuu. Mke wake mkuu, Bibi Azza binti Seif, hakumzalia mtoto. Watoto wote waliomrithi walikuwa wa masuria, wanawake walionunuliwa kutoka Uhabeshi, Kaukazi na kwingineko. Mama yake Salme, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi. Vita viliwakumba kwao akiwa mtoto mdogo, wazazi wake wakauawa, yeye akatekwa na kuuzwa, mwisho akafikia Unguja. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto ambaye suria alimzalia bwana wake alikuwa mtu huru na alirithi kama mtoto wa mke wa ndoa. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na warithi wengi ambao hakuna aliyekuwa na haki zaidi ya mwenziwe, na mama zao walikaa kwa makundi kufuata nchi walizotoka. Salme mwenyewe ameandika kwamba baba yao alipofariki aliacha watoto 36 walio hai, wanaume 18 na wanawake 18.

Kati ya hao 36, watatu ndio wanaotuhusu zaidi hapa. Wa kwanza ni Majid, ambaye mama yake naye alikuwa Mcherkesi, rafiki wa Jilfidan. Salme na mama yake waliondoka Mtoni wakaenda kukaa na Majid katika nyumba ya Bet il Watoro mjini, na huko ndiko Salme alikojifunza kupanda farasi na kulenga shabaha. Wa pili ni Barghash, mtoto wa suria wa Kihabeshi, mkali, mwenye hamu ya kutawala. Wa tatu ni Bibi Khole, dada yake Salme kwa baba, mzuri wa sura na kipenzi cha baba yao. Salme alimpenda Khole kupita kiasi, na bila mapenzi hayo ya dada kwa dada, huenda mambo mengi yasingetokea.

Seyyid Said alifia baharini tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na Ushelisheli, akirudi kutoka Oman. Barghash alikuwa naye melini. Majid, aliyekuwa anashika utawala Unguja, alipopata habari kwamba meli zinakaribia alitoka kwenda kuzilaki baharini, wakapishana. Barghash akaishusha maiti ya baba yao kimyakimya usiku, akaizika, kisha akajaribu kushika madaraka kabla mji haujajua kwamba una msiba. Hakufanikiwa, na Majid akawa mtawala wa Unguja, huku ndugu yao Thuwaini akibaki na Oman. Fikiria tu: mtoto wa miaka 12 anaamka asubuhi kuomboleza, anakuta baba yake amekwisha kuzikwa na kakaye kwa siri. Hivyo ndivyo watoto wa nyumba ile walivyoingia katika urithi wao.

Mwaka 1859 kipindupindu kiliingia Unguja na kumchukua Jilfidan. Salme alikuwa na miaka 15, hana baba, hana mama, na mtu aliyemshika mkono alikuwa Khole. Khole alikuwa upande wa Barghash. Ndugu walikuwa wameanza njama ya kumwondoa Majid, na wenye njama walihitaji kitu kimoja ambacho ndani ya nyumba za wanawake kilikuwa adimu sana, nacho ni mkono unaojua kuandika. Wanaume walikuwa wakichungwa. Msichana aliyejifungia ndani hakuchungwa. Basi Salme, mdogo kuliko wote waliokuwamo katika shauri lile, akafanywa katibu wake. Barua za kuwaomba wakuu waje kusaidia, barua za kuagiza baruti na bunduki, zilitoka kwenye kalamu yake. Baadaye aliandika kwa uchungu kwamba alijua risasi zile zingemwelekea nani.

Hapo ndipo ule woga wa walimu na wazazi unaponitia huzuni. Walichelea msichana ataandika barua za mapenzi, na barua za kwanza nzito alizoandika msichana huyu zilikuwa za vita, naye aliandikishwa na watu wa damu yake.

Majid alipogundua, alizizingira nyumba za ndugu zake kwa askari wa Kibulushi ili njaa iwatoe. Usiku mmoja Khole na Salme waliondoka na msafara wa wanawake kwenda nyumbani kwa Barghash, wakawasemesha walinzi mpaka wakaruhusiwa kuingia kumuaga ndugu yao. Ndani wakamvika Barghash nguo za kike, wakamfunika hata yakabaki macho. Alikuwa mrefu, kwa hiyo wakachagua wanawake warefu kuliko wote wakamweka katikati yao, kusudi urefu wake usijulikane. Kisha msafara ukatoka kwa mwendo wa taratibu mbele ya askari, ambao kwa adabu waliwapisha. Nje ya mji wakamkabidhi kwa watu wake, akaenda kujiimarisha katika shamba lililoitwa Marseille. Majid akisaidiwa na Waingereza alilishambulia shamba lile, watu wengi wakafa. Barghash akarudi mjini, manowari ya Kiingereza ikamlazimisha asalimu amri, naye akapelekwa uhamishoni Bombay.

Kwa dada zake Majid hakufanya kitu. Hakuwafunga, hakuwanyang'anya mali. Hilo lilimsumbua Salme kuliko adhabu. Nusu ya ukoo ilikuwa imeacha kumtembelea, na nusu nyingine ilimtazama kama mtu aliyeshindwa. Alikwenda kujificha mashambani, Kizimbani, kisha Bububu karibu na bahari. Baadaye Majid alimwomba aiachie nyumba ya Bububu kwa ajili ya balozi wa Kiingereza. Salme akaona hana uso wa kumkatalia ndugu aliyemsamehe, akakubali na kupatana naye. Kwa Khole na wenzake huo ulikuwa usaliti. Bibi yule aliyempoteza mama yake, aliyeifanyia njama kazi kwa ajili ya dada yake, sasa alimpoteza na dada. Alirudi mjini katika nyumba ya mawe, ana watumishi wengi na hana wa kuzungumza naye.

Jirani yake alikuwa Rudolph Heinrich Ruete.

Ruete alizaliwa Hamburg mwaka 1839, na alikuwa Unguja kwa ajili ya kampuni ya Hansing, mojawapo ya kampuni za Hamburg zilizojenga biashara kubwa kati ya kisiwa na Ulaya. Walinunua karafuu, pembe, ngozi na sandarusi, na walibeba kauri kwa shehena kwenda Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Wajerumani wa Hamburg hawakuwa na jeshi Unguja wala koloni. Waliishi kwa hisani ya Sultani, wakanywa kahawa na matajiri wa Kihindi na Kiarabu, wakajifunza Kiswahili. Ruete alikijua vizuri. Mapenzi yao yalizungumzwa kwa Kiswahili, na hata walipofika Ulaya wakiwa mke na mume waliendelea nacho nyumbani kwao. Hili halisemwi vya kutosha. Tunamsoma Salme kwa Kijerumani na kwa tafsiri zake, tukasahau kwamba maneno yaliyomtoa kwao yalikuwa haya haya yetu.

Nyumba zao zilikaribiana kwa namna ambayo mtu aliyewahi kupita Shangani au Hurumzi anaielewa mara moja: kuta mbili nene za mawe na chokaa, na katikati nafasi ambayo punda mwenye mzigo huipita kwa kubana. Dari la Ruete lilikuwa chini kuliko nyumba ya Salme. Kutoka dirishani kwake, gizani, aliweza kuona chini meza iliyowashiwa taa, wanaume wa Kizungu wamekaa vitini, wanacheka, wanakula kwa uma na kisu, wanainua glasi. Ruete alikuwa akiandaa karamu zile makusudi, ili jirani aone namna watu wa kwao wanavyokula. Sijui kama kuna uchumba mwingine wa pwani ulioanza kwa mtu kumwonyesha mwenziwe chakula cha usiku kwa mbali. Mwanamke wa daraja la Salme hakukaa meza moja na wanaume wasio maharimu wake, na usoni alivaa barakoa kila alipotoka. Kumtazama mwanamume akila, yeye asionekane, ilikuwa mojawapo ya njia chache za kumjua zilizokuwa wazi kwake.

Kutoka dirishani mambo yalifika kwenye maneno, na kutoka kwenye maneno yakafika pengine. Kitabuni mwake Salme amepita hapo kwa mistari michache tu. Anasema urafiki ulizaa mapenzi, mji ukajua, na Majid pia akajua. Mapenzi ni kikohozi, na katika mji ambao maji yanaletwa na watumwa, sokoni wanakwenda watumwa, na kila baraza ina masikio, siri ya bibi haikosi kujulikana kwanza na wanaomfulia nguo. Lakini Salme anasisitiza kwamba kakaye hakumfanyia uadui wowote kwa jambo lile, na kwamba habari za kufungwa kwake zilikuwa uzushi. Namwamini. Inalingana na yote tuyajuayo kuhusu Majid.

Hata hivyo kuna mambo ambayo huruma ya Majid isingeweza kuyaondoa. Sheria haimruhusu mwanamke wa Kiislamu kuolewa na mwanamume asiye Mwislamu. Na kufikia katikati ya mwaka 1866 Salme alikuwa mja mzito. Kwa mwanamke asiyeolewa, tena wa ukoo unaotawala, hiyo ilikuwa hatari ya kifo, na Majid, hata kama asingetaka, angebanwa na ndugu na masheikh kuchukua hatua. Kwa Ruete pia hatari ilikuwa kubwa, na kwa Wazungu wote wa mjini ambao biashara zao zilitegemea radhi ya kasri. Jaribio la kwanza la kumtorosha, kwa meli ya biashara ya Kijerumani, lilishindikana.

Aliyefungua mlango wa pili alikuwa mwanamke, Emily Seward, mke wa Dakta Seward aliyekuwa anakaimu ubalozi wa Kiingereza. Manowari HMS Highflyer, chini ya Kapteni Pasley, ilikuwa bandarini. Ilibaki kumtoa bibi wa ukoo wa Sultani nyumbani kwake mpaka ufukweni bila mtu kushtuka, na hapo siku yenyewe ndiyo iliyosaidia. Tarehe 24 Agosti 1866 ilikutana na Siku ya Mwaka, siku ambayo wanawake wa Unguja, mabibi na watumwa, walikuwa wakishuka baharini usiku kukoga. Msomaji wa leo anayeujua Mwaka Kogwa wa Makunduchi kuwa ni wa Julai asishangae. Mwaka huo, unaoitwa wa Nairuzi, ni wa siku 365 kamili, hauna siku ya kuongezea, kwa hiyo kila baada ya miaka minne hurudi nyuma kwa siku moja. Ukihesabu kutoka wakati ule, siku zilizorudi ni zaidi ya mwezi.

Basi usiku ule kundi la wanawake waliojifunika kuelekea pwani halikuwa jambo la kuulizwa. Salme alishuka pamoja nao. Miaka saba nyuma alikuwa amemtoa Barghash kwa mbinu hiyo hiyo, mtu mmoja amefichwa ndani ya kundi la wanawake wanaoheshimiwa kiasi cha kutoguswa. Safari hii aliyefichwa ni yeye, na hakuwa na dada pembeni. Mashua ya manowari ilikuwa inasubiri. Highflyer iling'oa nanga kuelekea Aden. Alikuwa amebakiza siku sita kutimiza miaka 22.

Aden alipokelewa na mume na mke wa Kihispania aliowajua tangu Unguja, akakaa kwao akimngoja Ruete amalize shughuli zake. Hakumngoja wiki mbili wala tatu. Ruete alikuja mwishoni mwa Mei mwaka uliofuata. Muda wote huo mfanyabiashara yule alibaki Unguja, mjini kwa Majid, na hakuguswa. Tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa katika kanisa la Kiingereza, akapewa jina la Emily, na siku hiyo hiyo akaolewa. Kisha wakaondoka kwenda Ulaya.

Kati ya Agosti na Mei, kitabu chake kinanyamaza. Anaeleza kwamba alifundishwa dini ya Kikristo, anaeleza ubatizo na ndoa, anamaliza. Msomaji wa Kumbukumbu zake, zilizochapishwa Berlin mwaka 1886, angeweza kufunga kitabu asijue kwamba tarehe 7 Desemba 1866, huko Aden, alijifungua mtoto wa kiume aliyepewa jina la baba yake, Heinrich. Mtoto huyo alibatizwa Aden, akapandishwa meli pamoja na wazazi wake baada ya harusi, na hakufika Hamburg. Alifariki njiani, nchini Ufaransa, kabla hajatimiza mwaka.

Nimesoma watu wanaomlaumu Salme kwa kumficha mtoto huyu, kana kwamba mwandishi anadaiwa na msomaji kila kilichompata. Lawama hiyo siikubali. Kitabu chake aliwaandikia watoto wake watatu waliozaliwa Hamburg: Antonie Thawka wa mwaka 1868, Rudolph Said wa 1869 na Rosalie Ghuza wa 1870. Alitaka wawajue watu wa upande wa mama. Nao walikuwa wanakulia katika jamii ya Kijerumani ambayo, katika suala la mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, haikuwa na huruma kuliko ile ya Unguja. Hukumu aliyoikimbia kwao aliikuta ugenini ikiwa imevaa nguo nyingine. Angemwandika Heinrich, angewavunjia heshima walio hai. Akamweka moyoni.

Lipo jambo jingine katika kitabu kile ambalo mimi siwezi kulipita kwa upole huo. Salme anautetea utumwa. Anawaambia wasomaji wa Ulaya kwamba mtumwa wa Mwarabu anatunzwa vizuri, na kwamba anayetaka kuukomesha haraka haelewi nchi za Mashariki. Aliyeandika hivyo ni mtoto wa mwanamke aliyeporwa mikononi mwa wazazi wake na kuuzwa. Mashamba aliyorithi yalilimwa na watu waliovushwa kutoka Bara, na hata mapenzi yake yalipita mikononi mwao. Bibi wa daraja lake hakutoka bila watumishi, na hapakuwa na ujumbe wa siri ambao haukubebwa na mtumishi. Majina ya hao waliobeba siri ya Bibi Salme hayamo kitabuni, na hatari yao ilikuwa kubwa kuliko yake, maana hakukuwa na manowari iliyokuja kuwachukua. Namhurumia Salme kwa mengi, lakini hapa alishindwa kuona kilichokuwa mbele ya macho yake siku zote.

Hamburg hawakuishi pamoja muda mrefu. Mwezi Agosti 1870 Ruete aliteleza akishuka kutoka kwenye tramu ya farasi, akajeruhiwa, na tarehe 6 akafariki. Ndoa ilikuwa imedumu miaka mitatu na ushei. Mdogo wa watoto alikuwa na miezi mitatu. Sheria ya Hamburg iliwawekea mjane na watoto wake wasimamizi wa kiume, mali ikapungua, na binti wa Sultani akawa anahama mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akifundisha Kiarabu apate kodi ya nyumba. Kalamu ile aliyojifunza kwenye mfupa wa ngamia ndiyo iliyomlisha. Barua alizoziandika kwa rafiki wa kike wa Unguja, ambaye hakumtaja jina, zilikuja kuchapishwa baada ya kifo chake, na humo anafunguka kuliko kitabuni: baridi, upweke, dini mpya aliyoipokea kabla haijamwingia moyoni.

Mwaka huo huo wa 1870, mwezi Oktoba, Majid naye akafariki. Aliyekalia kiti ni Barghash.

Kwa hesabu ya kawaida, hiyo ingekuwa habari njema. Barghash ndiye ambaye Salme alimwandikia barua za njama akiwa na miaka 15, ndiye aliyemvika nguo za kike na kumpitisha mbele ya bunduki. Kama kulikuwa na mtu mwenye deni kwake, ni yeye. Salme alimwandikia, akamwomba, na Barghash hakulainika. Alipokwenda London mwaka 1875, Salme alimfuata huko, lakini Sir Bartle Frere, kwa niaba ya Waingereza, alimzuia asimwone nduguye. Waingereza walikuwa na shughuli zao na Sultani, hawakutaka ziharibike, wakamwahidi badala yake msaada kwa ajili ya watoto wake. Alikubali. Ahadi haikutimizwa.

Mwaka 1885 walikuja wengine kumtumia. Ujerumani ya Bismarck ilikuwa imetangaza ulinzi wake juu ya sehemu za bara ambazo Barghash alizihesabu kuwa zake, na mwezi Agosti manowari zake zikajipanga mbele ya mji kumtishia. Salme alikuwemo katika msafara huo pamoja na watoto wake, akaingia bandarini baada ya miaka 19. Alidai urithi wake kutoka kwa ndugu waliokufa. Mji ulimkumbuka, watu wakatoka kumtazama na kumwamkia vichochoroni. Kasri haikumfungulia. Jibu la Barghash lilikuwa na msingi wa sheria, kwamba aliyetoka katika Uislamu harithi, na hakuna kadhi wa Unguja ambaye angemhukumia kinyume. Lakini mtu anayefuata sheria tu hukataa dai la fedha na bado humwuliza dada yake hali. Barghash alikataa hata kumwona. Wajerumani walipopata walichokitaka bara, dai la bibi yule halikuwa na kazi tena kwao, wakaliacha.

Kwa nini Majid, aliyefanyiwa njama, alisamehe mara mbili, na Barghash, aliyeokolewa, hakusamehe hata mara moja? Nadhani Barghash hakumsamehe Salme kwa kule kupatana na Majid, kabla hata ya Mjerumani. Mapenzi na ubatizo vilimpa sababu ambayo angeweza kuitaja hadharani. Ile ya zamani haikutajika, kwa sababu kuitaja ni kukumbusha mji mzima usiku ule aliotoka nyumbani kwake amejifunika kama mwanamke, akiongozwa na dada zake.

Barghash alifariki Machi 1888. Mwaka huo huo Salme alirudi Unguja mara ya pili. Kiti kilikuwa cha Khalifa, ndugu mwingine wa baba mmoja, na safari hii hata serikali ya Ujerumani haikuwa nyuma yake. Hakupata kitu. Alipoondoka hakurudi Ujerumani kukaa. Alichagua Jaffa, kisha Beirut, miji ya bahari inayosema Kiarabu, akaishi huko mpaka mwaka 1914, ndipo akaenda Ujerumani kumalizia uzee wake, akafariki Jena tarehe 29 Februari 1924.